Waunga Bangili Dhidi ya Shirikisho

Kwa Waheshimiwa Wanachama wa Chama cha Ustawi wa Mtaa wa Shishgaran, Hyderabad, Sindh.

Salaam alaikum.

Mimi, Shafqat Ilahi, Katibu wenu kwa mwaka wa kumi na moja, ninafungua daftari hili kwa kusudi moja: kuweka kumbukumbu ya kweli ya mgogoro wetu na ofisi ya kodi ya Shirikisho, ili litakaposomwa mbele yenu katika mkutano mkuu baada ya Idi, asiwepo wa kudai kwamba jambo fulani lilifichwa. Sikusoma zaidi ya darasa la nane. Kanuni za uandishi rasmi nilizipata kwa kunakili majalada ya watu, miaka ishirini na sita, nikiwa nimeketi na mashine yangu ya kuchapa mbele ya lango la mahakama ya wilaya. Nitaandika mambo kama yalivyokuwa, pamoja na yale yasiyoniletea sifa.

9 Januari

Baridi kali, ukungu haukuondoka mpaka saa nne asubuhi. Saa tano walifika mafundi wanne wa gesi, askari wawili na ofisa mmoja mwenye jalada. Walifunga valvu ya bomba kuu la mtaa wetu, wakaizungushia mnyororo na kuitia lakiri. Ofisa alinikabidhi hati baada ya mimi kujitambulisha kwa cheo.

Hati inasema kwamba nyumba zetu arobaini na mbili ni "watengenezaji wa bidhaa ambao hawajasajiliwa" kwa kodi ya mauzo ya Shirikisho. Gesi itabaki imefungwa hadi kila nyumba ijisajili na kulipa kodi ya miaka mitano iliyopita kwa kila bangili iliyopita mikononi mwake.

Wanachama wanajua, lakini kumbukumbu lazima iseme: hakuna nyumba ya Shishgaran iliyowahi kuuza bangili hata moja. Tanuru la Seth Mukarram, tajiri anayetupa kazi, hutoa pete za kioo zilizo wazi, ncha mbili hazijakutana. Pete hizo huletwa kwetu kwa mashada. Wanawake wa mtaa huziunganisha ncha juu ya ulimi wa moto wa gesi, kisha mashada hurudi kwa Seth. Yeye huziuza, na yeye hulipa kodi ya Shirikisho zinapotoka ghalani. Bila gesi hakuna moto, na bila moto mtaa mzima umekaa bure, ikiwa imebaki miezi miwili na nusu tu kufika Idi, wakati ambapo nchi nzima hununua bangili.

Mjane wa nyumba namba kumi na saba, ambaye mtaa mzima humwita Khala, yaani mama mdogo, alitokeza kichwa mlangoni.

"Bwana Katibu, wamekata nini, gesi au pumzi?"

"Gesi, Khala. Kwa mujibu wa kifungu cha—"

"Hicho kifungu kinaunga bangili? Nina mashada manne sakafuni, Seth anayataka Alhamisi."

Nilimjibu kwamba jambo hili liko katika mikono ya Ofisi ya Katibu. Aliitazama mikono yangu, akarudi ndani.

10 Januari

Gesi: hakuna. Niliandika barua nne, zote kwa nakala tatu.

13 Januari

Gesi: hakuna. Wanawake wametoa majiko ya mafuta ya taa yaliyokuwa stoo tangu enzi za bibi zao. Ulimi wake wa moto ni mpana na mchafu. Kioo kinapata masizi na kuvunjika. Mama Farheen, wa nyumbani kwangu, amekohoa tangu adhuhuri.

15 Januari

Mkutano wa dharura ulifanyika msikitini baada ya sala ya alasiri. Iliazimiwa kwa kauli moja kufungua shauri Mahakama Kuu. Waliteuliwa waombaji saba, wakuu wa nyumba wenye heshima na saini zinazosomeka. Wa kwanza Haji Wadood, mlinzi mstaafu wa treni, wa pili mimi.

Nilipokuwa nikikusanya saini barazani, Khala alikuja na kidole gumba kilichopakwa wino tayari.

"Haya, nibonyeze wapi?"

"Khala, orodha imekamilika. Tena si adabu kupeleka majina ya wanawake wetu mahakamani, yakasomwa mbele ya makarani."

"Hati ya kodi ya nyumba yangu imekuja kwa jina la nani?"

"La marehemu mumeo."

"Basi mpelekeeni akasaini. Yuko makaburini, mstari wa tatu, karibu na bomba la maji."

Haji Wadood alicheka mpaka akaangusha kalamu. Mimi sikucheka. Niliona kwamba shughuli rasmi haipaswi kuingiliwa namna ile.

18 Januari

Tulimwona Wakili Jethanand ofisini kwake, nyuma ya soko la Resham. Alisoma hati mara mbili huku akitafuna iliki.

"Sain Shafqat, hapa hawajakosea hesabu. Wamekosea mlango," alisema. "Katiba imegawa. Kodi ya mauzo ya bidhaa ni ya Shirikisho. Kodi ya huduma ni ya Jimbo. Hawa wanasema mnatengeneza bangili, kwa hiyo ni bidhaa, kwa hiyo ni yao. Sisi tutasema bangili ni ya Seth, nyinyi mnamhudumia tu. Majaji wakikubali hilo, hati yote inaanguka, maana aliyeiandika hakuwa na mamlaka."

"Na Jimbo likija kutudai?"

"Sheria ya Jimbo inasamehe kazi ya mikono inayofanywa nyumbani bila mwajiriwa. Wewe niandikie maelezo ya kazi yenyewe. Kwa ufupi."

21 Januari

Nimekamilisha maelezo: kurasa kumi na tisa. Naamini sijawahi kuandika kitu kilichojengeka vizuri zaidi.

22 Januari

Wakili amezipunguza kuwa sita. "Jaji ana macho mawili tu, sain." Shauri limesajiliwa.

4 Februari

Gesi: hakuna. Siku ya kwanza mahakamani. Jopo la majaji wawili. Wakili wa Shirikisho, kijana mrefu mwenye koti pana, aliomba muda wa kujibu kwa maandishi. Tuliomba gesi irudishwe wakati shauri likiendelea. Jaji Mkuu wa jopo alisema angependa kusikia pande zote kwanza. Limeahirishwa hadi tarehe 25. Shauri letu lilichukua dakika nne. Haji Wadood alikuwa amenunua kizibao kipya.

5 Februari

Gesi: hakuna.

8 Februari

Gesi: hakuna. Mvua ndogo. Nyumba tatu zimehamia kwa ndugu zao Mirpurkhas.

12 Februari

Seth Mukarram mwenyewe alikuja mtaani, pamoja na hamali wake mwenye mizani. Nilimkaribisha barazani kwa chai.

"Katibu, mimi nawaheshimu," alisema. "Baba yangu alileta kioo mtaa huu. Lakini zamani shada moja nilipoteza pete tano, sita. Sasa napoteza thelathini. Wenye maduka Karachi wanapiga simu kila saa. Ramadhani ikifika katikati na hamna gesi, mashada yatavuka reli, kwa watu wa upande ule. Na kazi ikishavuka, unajua mwenyewe."

Ninajua. Kazi ya kupaka rangi ilivuka reli mwaka ambao Farheen alizaliwa, na haikurudi.

Tulipokuwa tukizungumza, hamali alikuwa akipita mlango kwa mlango akipima magunia ya vipande vilivyovunjika na kuyapakia kwenye mkokoteni. Wanawake walikuwa wakifagia hata unga wa kioo na kumtilia. Wakili alikuwa ameniomba niongeze lolote nitakaloliona linahusu kazi. Nilifikiria kuliandika hili, nikaliacha. Takataka si jambo la kuwekwa mbele ya Mahakama Kuu.

17 Februari

Gesi: hakuna. Khala amenunua mtungi wa gesi kwa mkopo. Aliunga kwa siku tatu, mtungi ukaisha kabla ya shada la mwisho. Amenirudishia barua yangu ya kumfariji. Alisema imeandikwa vizuri.

25 Februari

Leo ninaandika kwa aibu, na wanachama wana haki ya kuijua sababu yake.

Jibu la Shirikisho limewasilishwa. Kiambatisho chao cha kwanza ni barua yangu mimi, niliyoiandika miaka sita iliyopita kwa ofisi ya mji kuhusu mifereji ya maji machafu. Inaanza hivi: "Sisi, watengenezaji mashuhuri wa bangili wa Mtaa wa Shishgaran." Wamepigia mstari mwekundu chini ya neno *watengenezaji*. Wakili wa Shirikisho aliisoma kwa sauti nzuri, akasema kwamba waombaji wenyewe wamekiri, kwa maandishi, kwa mhuri na kwa saini ya Katibu, kwamba wanatengeneza bidhaa.

Wakili Jethanand hakunitazama. Aliomba siku nyingine ya kusikilizwa. Tumepewa tarehe 11 Machi, ndani ya Ramadhani, karibu na siku zile alizozitaja Seth. Nje, chini ya ngazi, aliniuliza kwa upole, "Kwa nini uliandika hivyo, sain?"

"Lilikuwa neno zito," nilisema. "Nilidhani ofisi ya mji itatuheshimu."

"Mifereji ilizibuliwa?"

"Hapana."

Nilifika nyumbani saa tisa alasiri. Madirisha yalikuwa yamefungwa, kwa sababu upepo kidogo tu huyumbisha moto, na moshi wa mafuta ya taa ulikuwa umejaa chumbani. Mama Farheen alikuwa amekaa sakafuni, shada limelala magotini. Nilimweleza.

"Baba Farheen," alisema bila kuacha kazi, "wewe umewahi kuunga hata moja?"

Alisogea pembeni, akanipa pete. Ninakiri kwamba katika miaka ishirini na minne ya ndoa sikuwahi kukaa upande ule wa moto. Pete ya kwanza niliibana mno, ikapasuka. Ya pili ilinichoma. Ya tatu ncha zake zilikutana lakini zikavimba fundo, na mama Farheen aliitazama kwenye mwanga, akaiweka pamoja na zilizovunjika.

"Hiyo itamchana mtu," alisema. Kisha, akichukua pete nyingine: "Nyinyi saba mtasimama mbele ya jaji. Akiwauliza kazi hii inafanywaje, mtasemaje?"

"Maelezo yako kwenye ukurasa wa tatu."

"Jaji akiuliza kitu ambacho hakiko ukurasa wa tatu?"

Nilimwambia kwamba majaji hawaulizi hivyo. Vidole vyangu viwili vina malengelenge. Ndiyo maana mwandiko wa leo si wa kawaida.

2 Machi

Ramadhani imeanza. Gesi: hakuna. Upepo wa kusini umeanza kuvuma. Mji mzima unafungua madirisha, mtaa wetu unayafunga.

6 Machi

Gesi: hakuna. Tumebaki nyumba thelathini na moja zenye mashada. Hamali wa Seth alikuja na mkokoteni uliojaa nusu tu.

9 Machi

Nilimwomba Haji Wadood tujifunze pamoja namna ya kuunga, ili tuwe tayari kwa swali lolote. Alisema amefunga, na moto unaleta kiu.

11 Machi

Nitaandika kwa urefu. Wanachama wanivumilie.

Tulifika waombaji saba, tumevaa vizibao, tukaketi safu ya pili. Saa nne na nusu, kabla ya shauri letu kuitwa, mlango wa nyuma ulifunguliwa wakaingia wanawake wanane wa Shishgaran, wamejifunika shuka zao, wakaketi benchi la mwisho. Walikuja kwa riksho mbili. Khala alikuwa mbele. Mama Farheen alikuwa wa tatu. Hakuwa ameniambia.

Wakili wetu alizungumza kwa nusu saa kuhusu mgawanyo wa mamlaka, vizuri sana. Wakili wa Shirikisho alisimama na barua yangu. Jaji Mkuu wa jopo, mzee mwenye miwani minene, alimsikiliza, kisha akaivua miwani.

"Barua hii ni ya mifereji?"

"Ndiyo, Mheshimiwa, lakini inathibitisha kwamba—"

"Nimeisoma. Ningependa kujua kazi yenyewe. Nani kati ya waombaji anaifanya?"

Haji Wadood alinitazama. Mimi nilitazama vidole vyangu. Haji akasimama, akafunga kifungo cha kizibao.

"Mheshimiwa Jaji, kazi inafanywa nyumbani."

"Na nani?"

Wanachama wanajua desturi yetu. Mwanamume wa heshima hawataji wanawake wake mbele ya wageni. Husema *nyumba*, na kila mtu huelewa. Haji alisema hivyo hivyo.

"Inafanywa na nyumba, Mheshimiwa."

"Nyumba ina mikono?"

Watu walicheka. Wakili wa Shirikisho alisimama upesi: "Mheshimiwa, ningeomba hili liingie kwenye kumbukumbu. Waombaji wote saba hawaifanyi kazi hii na hawawezi kuieleza. Hawa wanaleta shauri kwa niaba ya nani? Ombi hili halina mwenyewe, na ninaomba litupwe."

Nililiona shauri likianguka, na nilijua ni nani aliyeandika orodha ile ya majina saba. Wakili Jethanand alikuwa akipekua karatasi ambazo nilijua hazina kitu.

Ndipo sauti ikatoka nyuma.

"Inayo, Mheshimiwa. Ni hii hapa."

Khala alikuwa amesimama, ameinua mikono yote miwili. Hata kutoka safu ya pili niliona alama za moto, nyeupe, kuanzia ncha za vidole hadi kwenye viganja. Karani alimwashiria akae. Hakukaa.

"Napinga," alisema wakili wa Shirikisho. "Huyu mama si mhusika wa shauri."

"Mama, unaishi nyumba namba ngapi?" aliuliza Jaji.

"Kumi na saba."

Jaji wa pili, aliyekuwa kimya siku zote, alifunua jalada. "Namba kumi na saba ipo. Hati imeandikwa kwa jina la mume wake, marehemu."

"Kwa hiyo," Jaji Mkuu wa jopo alimwambia wakili wa Shirikisho, "mmemdai kodi aliyezikwa, na sasa hamtaki aliye hai aseme." Akamgeukia karani: "Mwandike kuwa mwombaji wa nane. Jina lako nani, mama?"

"Mehrunnisa."

Nimeishi mkabala na mlango wake miaka ishirini na minne. Sikuwa nimewahi kulisikia jina hilo.

"Mehrunnisa bibi, unapewa nini?"

"Pete iliyo wazi. Ukiivaa hivyo inakukata mshipa."

"Unarudisha nini?"

"Iliyofungwa."

"Unaiuza kwa nani?"

"Nimuuzie nani, Mheshimiwa? Si yangu. Nikiiuza hiyo si biashara tena, ni wizi."

Wakili wa Shirikisho aliomba ruhusa ya kumuuliza. "Kabla hujaiunga, si bangili. Baada ya kuiunga, ni bangili. Kwa hiyo wewe ndiye uliyeitengeneza. Si kweli?"

"Baba, hilo koti lako lina kiraka kwapani. Fundi aliyekishona amelichukua koti?"

Wakili alishusha mkono wake. Hata wenzake wa meza moja walicheka. Lakini aliendelea, na lazima niseme alikuwa mtu hodari: "Koti lilikuwa koti tangu mwanzo. Bangili haikuwa bangili."

Khala alirekebisha shuka begani. Jaji Mkuu wa jopo alikuwa akiandika. Akauliza bila kuinua kichwa, kana kwamba anauliza kitu kidogo tu:

"Na zinazovunjika?"

"Tunarudisha."

Kalamu ilisimama. "Mnarudisha vipande?"

"Vyote. Hamali wa Seth anakuja na mizani kila Alhamisi. Hata unga tunafagia tunamtilia gunia. Wanayeyusha tena kule tanuruni. Nimeshika kioo miaka thelathini na moja, Mheshimiwa, na kwangu hakuna hata chembe iliyo yangu. Mimi sivai, ni mjane. Binti yangu alipoolewa nilimnunulia dukani kwa Seth, dazeni mbili nyekundu, nilizoziunga kwa mkono huu. Nililipa bei ya dukani, na kodi yenu ikiwemo."

Jaji wa pili alimwuliza wakili wa Shirikisho kama anakubali kwamba mtu anayelazimika kurudisha hata vumbi la kitu hawezi kuwa ameuza kitu hicho. Wakili aliomba muda wa kupata maelekezo. Jaji Mkuu wa jopo alisema amekuwa nao tangu Januari. Wakili wa Jimbo, aliyeketi pembeni na aliyekuwa hajasema neno tangu shauri lianze, alisimama kwa haraka kubwa kueleza kwamba Jimbo linaitambua kazi hii kuwa huduma, na kwamba sheria yake inaisamehe.

Uamuzi: tarehe 20.

Nje, kwenye ngazi, Khala alinikaribia.

"Katibu, nimeharibu?"

"Umesema sawasawa. Isipokuwa ulimwita 'baba' mtu wa miaka thelathini."

"Amevaa koti la babu yake, ningejuaje?"

Sasa ninaandika lile ambalo sikumwambia. Magunia yale niliyaona kwa macho yangu tarehe 12 Februari. Niliyaacha kwa ajili ya unadhifu wa maandishi. Kurasa kumi na tisa, na jambo lililobeba shauri zima halikuwamo.

14 Machi

Gesi: hakuna. Seth amesema atasubiri hadi uamuzi, na si siku moja zaidi.

19 Machi

Gesi: hakuna. Joto. Sikuweza kula daku.

20 Machi

Tumeshinda.

Ninanakili hapa maneno ya Mahakama Kuu kutoka katika nakala yenye mhuri, kwa mkono wangu, bila kuongeza wala kupunguza:

"Aliyepokea kitu kisicho chake, akakifanyia kazi, kisha akakirudisha pamoja na vipande na vumbi lake, hakuuza bidhaa. Alitoa huduma. Katiba imeweka kodi ya huduma mikononi mwa Jimbo, na Shirikisho haliwezi kuichukua kwa kuipa jina jingine. Maelezo ya mwombaji wa nane, Mehrunnisa, hayakupingwa na upande wowote, na jopo hili linayategemea. Hati zote arobaini na mbili zinafutwa. Gesi irudishwe ndani ya saa arobaini na nane."

Kuhusu barua yangu, aya ya kumi na moja inasema: "Barua ya mifereji inaonyesha ufasaha wa mwandishi wake, lakini ufasaha hauhamishi mamlaka ya kutoza kodi." Ninaiweka kwenye kumbukumbu kama ilivyo, maneno yote.

Safari hii wanawake walikuja wote. Karani alimaliza kusoma. Walishikana mikono benchi zima, kisha mmoja akaanza kulia, wakacheka kwa sababu analia. Wakili wa Shirikisho alipita mbele ya Khala, akainamisha kichwa. "Umenishinda, mama." Khala akamwambia amletee lile koti, ana binamu anayejua kushona.

Haji Wadood alinunua jalebi tamu dishi zima, likakaa mezani msikitini limefunikwa mpaka adhana ya magharibi, na watu wazima walikuwa wakilizunguka kama nyuki. Tulipofuturu, Seth alituma salamu: mashada ya nyumba zote yanakuja asubuhi.

22 Machi

Walikuja mafundi wale wale wanne. Ofisa hakuja. Mnyororo ulikuwa umeshika kutu. Ilibidi waukate kwa msumeno, na mtaa mzima ulisimama kuangalia, wazee juu ya viti. Lakiri ilipoanguka, fundi mmoja aliiokota akaniuliza kama naitaka kwa jalada langu. Nilimwelekeza kwa Khala. Yeye aliitupa kwenye mfereji, ambao bado umeziba.

Saa sita gesi ilifika. Madirisha yalifungwa, moja baada ya jingine, kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho. Nilisimama katikati ya njia nikasikiliza. Ulimi mmoja wa moto hausikiki, lakini nyumba za mtaa mzima zikiwaka pamoja zina mlio, kama mtu anayenyamazisha mtoto. Nimeishi ndani ya mlio huo miaka hii yote na leo ndiyo mara ya kwanza nimeusikia.

23 Machi

Kazi.

24 Machi

Kazi. Nyumba zote tatu zimerudi kutoka Mirpurkhas.

26 Machi

Kazi. Hakuna mwenye nafasi ya kuzungumza na Katibu. Nimejipikia.

29 Machi

Mashada ya mwisho yameondoka leo. Kesho kutwa huenda ikawa Idi. Seth anasema pete zilizovunjika ni tatu kwa shada, kiwango ambacho hata baba yake hakukiona.

Wakili Jethanand alipiga simu juzi. Shirikisho limetoa taarifa ya kukata rufaa katika Mahakama ya Juu, Islamabad. Hana wasiwasi, anasema uamuzi wetu umesimama juu ya ushahidi ambao hakuna aliyeupinga, na anatamani kuwaona wakijaribu. Lakini anahitaji orodha ya waombaji upya, kwa majina kamili, kabla ya mwisho wa Aprili.

Nimeiandika orodha hiyo. Nimeyafuta majina saba ya kwanza, likiwemo langu. Nimepita nyumba kwa nyumba kwa siku mbili, nikiuliza kila mlango kitu ambacho sikuwahi kuuliza, na nimepata majina arobaini na mawili ya watu wanaoshika moto. La kwanza ni Mehrunnisa wa namba kumi na saba. La pili ni la mke wangu. Anaitwa Anjuman Ara. Nilimsomea jinsi nilivyoliandika. Aliniambia nimelipatia, akarudi kwenye kazi yake.

Wapo miongoni mwenu watakaosema si adabu. Nilikuwa mmoja wao hadi tarehe 11 Machi.

Waheshimiwa Wanachama, orodha imeambatishwa nyuma ya ukurasa huu. Ninaomba mkutano uikubali au uikatae, na uamuzi wenu uandikwe.

Shafqat Ilahi,
Katibu.